Babu Pampu, fundi karabai wa Kibirizi: mimi nasema aliuliwa na bajeti

#1 MvuviMstaafu
Wakuu, salaam.

Waliowahi kufika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, miaka ile ya neema ya dagaa wanamjua Babu Pampu. Fundi karabai. Kibanda cha mabati, benchi moja refu, taa zimening'inia juu kiasi kwamba mtu mrefu anaingia ameinama. Wiki iliyopita tumemzika Ujiji, watu wamejaa mpaka barabarani. Tangu hapo kila kijiwe kina sababu yake ya kifo. Mtaa wa Mwanga wanasema presha. Gungu wanasema mapafu. Wanachosema Bangwe sitaki hata kukirudia.

Mimi naweka yangu hapa, anayepinga apinge kwa hoja: Babu Pampu aliuliwa na bajeti ya mwaka 2011. Ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa shilingi 52 kwa lita. Serikali ikataka kuwabana wachakachuaji waliokuwa wanayachanganya na dizeli, ikaupandisha ukafika 400 na senti zake. Bei ya mafuta ya taa ikaifuata ya dizeli. Mchakachuaji akatafuta shughuli nyingine, maumivu yakabaki kwa mvuvi. Karabai kubwa inakunywa karibu lita nzima kwa usiku, na kipe, chombo cha kuvulia dagaa, hakiingii ziwani na karabai moja. Piga hesabu mwenyewe. Matajiri wa vyombo wakaanza kuulizia taa za betri, na fundi akaanza kukaa mikono mapajani.

#2 BintiGungu
Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Ndiyo kwanza nasikia hapa. Karabai za harusi ya dada yangu zilitoka kwake, na alikuja mwenyewe kuzipampu usiku kucha. Pilau tukampelekea pembeni, hakutaka kukaa mbali na taa zake. Poleni wafiwa.

#3 DagaaMkavu
Mleta uzi, kutoka 2011 mpaka leo ni miaka mingapi? Sumu gani hiyo inaua kwa awamu kama mkopo?

#4 MvuviMstaafu
Inaitwa njaa, ndugu yangu.

#5 MwalimuKatubuka
Njaa hapana. #1 umekuja na tarakimu nzuri lakini mzee mwenyewe naona ulimjua kwa mbali. Mimi nilikaa naye jirani, acha nieleze.

Watu wasio wa ziwani wanadhani fundi karabai anapata kazi wakati wavuvi wako kazini. Dagaa wanafuata mwanga, kwa hiyo wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa karabai haifui dafu, vipe vinapumzika, nyavu zinashonwa, na taa zote za mwalo zinamwangukia Babu kwa mpigo. Siku hizo Kibirizi nzima inakoroma, yeye halali. Giza likikaribia kila tajiri anataka zake leo leo, na wote wanadai walitangulia.

Halafu alikuwa na tabia moja: hafungui taa kabla hajaiwasha. Anaipampu, anaisikiliza inavyonguruma, anakwambia "sindano", au "nozeli imekula", au "haya mafuta yana maji, nenda ukagombane na aliyekuuzia". Ndipo anashika spana. Alitoza alichobadilisha tu. Kusikiliza hakutozi.

Sasa turudi kwenye bajeti. Baada ya 2011 wavuvi walipungua kweli, lakini mjini bado walimhitaji. Kigoma tuliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na giza lake tunalijua. Misiba, harusi, vibanda vya chipsi, maulidi, wote walikuwa wake. Gridi ya taifa imefika mkoani 2022. Kama unatafuta muuaji, mwangalie huyo kwanza.

#6 MwishoWaReli
Kwa hiyo tumetoka Wizara ya Fedha tumehamia TANESCO. Tukifika ukurasa wa pili tutakuwa tumeshawashtaki Wajerumani.

#7 KijanaWaBuzebazeba
Usicheke mkuu, Wajerumani wamo. Babu alitusimulia kwamba baba yake alikuwa kwenye kundi lililoinua meli ya Liemba baada ya Waingereza kuizamisha Vita vya Kwanza. Ufundi wa familia ulianzia pale, kusugua kutu.

#8 MwalimuKatubuka
Rekebisho dogo. Waingereza hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 walipoona mji unawaponyoka, na kabla ya kufanya hivyo walizipaka injini grisi nzito ili siku wakirudi waikute nzima. Hawakurudi. Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza safari tena 1927 ikiitwa Liemba. Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa mpaka huku.

Babu alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Baba yake kuwa kijana mwaka 1924 inawezekana, kwa hiyo simfanyi marehemu mwongo.

#9 MwishoWaReli
Kila ukoo wa Kigoma una babu aliyeinua Liemba. Ukiwajumlisha wote, meli ingefika Kasulu.

#10 ManyemaHalisi
Kwanza tumpe heshima ya asili yake. Babu Pampu ni Mmanyema wa Ujiji, damu ya ng'ambo. Wazazi wake walivuka kutoka upande wa Kalemie.

#11 KasuluKwetu
Hapo tutagombana. Mzee yule ni Muha wa juu, wa kwetu. Mimi nilikuwa namwamkia kwa Kiha na ananijibu mpaka mafumbo.

#12 BintiGungu
Mimi nilimsikia akigombana na Wabembe wawili kwa Kibembe, na akawashinda. Alikuwa anakujibu kwa lugha uliyokuja nayo. Muulizeni mkewe, ila mkewe naye alishatangulia.

#13 MkemiaWaMtaa
Naona mnazunguka. Sababu iko kwenye kifuko cha utambi. Kile kitambaa mnachokifunga kwenye karabai, cha zamani kilikuwa kinalowekwa dawa yenye thoriamu. Thoriamu ina mionzi. Ukikiwasha mara ya kwanza uzi wote unaungua, kinachobaki ni majivu tu yaliyoshikana, na hayo ndiyo yanayotoa ule mwanga mweupe. Ukigusa yanapukutika. Wengi wenu mlibadilisha vifuko vichache maishani. Babu alibadilisha kila siku, miaka na miaka, na yale majivu alikuwa anayapuliza kwa mdomo. Nimemwona kwa macho yangu. Anapuliza, anakohoa, anacheka.

Baadaye watengenezaji wengi walihamia itriamu, ambayo haina shida hiyo. Lakini vifuko vya bei rahisi vilivyokuwa vinafika kwetu, nani alisoma kilichoandikwa kwenye karatasi?

#14 DagaaMkavu
Mkemia, mionzi ya kifuko kimoja ni kidogo sana, wewe mwenyewe unajua. Kama ni hiyo, wavuvi wote wa ziwa hili wangekuwa makaburini.

#15 MkemiaWaMtaa
Wavuvi hawapulizi. Na kuna tofauti kati ya kukaa karibu nayo na kuivuta mpaka ndani ya mapafu. Hii ya pili ndiyo yenye ubaya. Sijasema ndiyo iliyomuua, nimesema mtu yeyote asiitoe kwenye orodha.

#16 NesiWaZamu
Habari zenu. Sitazungumzia faili la mtu hapa, na nawaomba wenye taarifa za ndani wasizimwage. Naongea kwa ujumla.

Mtu akikaa miaka mingi kwenye kibanda kisicho na dirisha, mvuke wa mafuta ya taa na moshi wa kuwashia, kifua chake hakiwezi kuwa salama. Hilo halihitaji thoriamu. Na mtu mwenye zaidi ya miaka sabini anaweza kuwa na presha asijue, au akajua, akapewa dawa, akazimeza wiki mbili, akajisikia mzima, akaziacha. Hawa tunawaona kila zamu. Presha haiumi, ndiyo shida yake. Mtu anadondoka na majirani wanaanza kutafuta adui.

Mnaosoma uzi huu wenye wazazi wa umri huo, kawapimisheni. Kipimo ni dakika chache tu.

#17 MvuviMstaafu
Asante nesi. Lakini presha nayo huletwa na nini? Mawazo. Na mawazo yaliletwa na nini? Nirudie?

#18 MwishoWaReli
Bajeti.

#19 TingoMstaafu
Mimi nilikuwepo siku ile. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, ananitania nimenenepa. Alikuwa na taa ya betri ya kijana mmoja wa Katonga, anachomelea waya uliokatika. Mchana akala ugali na mgebuka, akamaliza. Akasema bega la kushoto linamvuta, akajilaza kwenye benchi. Alasiri mtu akaja kumwamsha achukue taa yake, hakuamka.

#20 KijanaWaBuzebazeba
Mbona sisi tumeambiwa alifia nyumbani usiku?

#21 TingoMstaafu
Aliyewaambia alikuwa wapi?

#22 KijanaWaBuzebazeba
Msemaji wa familia alitangaza msikitini "amefariki usiku wa kuamkia leo". Nilisikia kwa masikio yangu.

#23 TingoMstaafu
Alitangaza alichotangaza. Benchi nililishika upande mmoja mimi.

#24 MwalimuKatubuka
Yanaweza kuwa kweli yote. Alilala benchini, wakambeba hospitali, kauli ya mwisho ikatoka usiku. Nani alikuwa pale hospitali aseme?

#25 BangweOriginal
Nyie mnaogopa kusema, mimi nasema. Kile kibanda hakikuwa pale kilipoishia. Zamani kilikuwa chini kabisa, karibu na maji, mvuvi anashuka kwenye chombo anapitia hapo hapo. Eneo lilipoanza kujengwa akahamishwa kwenda juu, barabarani. Mara ya pili akahamishwa tena, upande wa pili wa barabara. Kila alipohama alimkuta mtu ambaye naye anaitaka nafasi ile ile. Mzee wa watu aliwekewa vitu mlangoni. Waliofagia asubuhi wanajua walichofagia.

#26 MwishoWaReli
Hatimaye! Nilikuwa nashangaa uzi wa Kigoma umefika #25 bila kitu mlangoni.

#27 NesiWaZamu
BangweOriginal, kuhamishwa mara mbili naamini. Hayo mengine mzee alikuwa anayacheka. Aliwahi kukuta hirizi mlangoni, akaifungua aone waya uliofungia ni wa shaba au wa chuma.

#28 BintiGungu
Hahaha, ni wa shaba?

#29 NesiWaZamu
Wa chuma. Alisikitika.

#30 Msimamizi
Tuheshimu msiba. Tuhuma za uchawi dhidi ya mtu anayeweza kutambulika zitafutwa. Endeleeni.

#31 DagaaMkavu
Tuongee ufundi basi. Nilisikia kuwa siri yake ilikuwa mawese. Ile ngozi ya ndani ya pampu ikikauka inakuwa haikamati upepo, unapampu mpaka mkono unauma. Yeye alikuwa anailoweka kwenye mawese usiku kucha, asubuhi laini.

#32 FundiRedioMwanga
Uongo wa vijiweni. Mawese yakipata baridi ya usiku yanaganda, na yakikaa yanashika vumbi yanakuwa gundi. Babu alitumia mafuta ya cherehani. Mawese yalikuwa kwenye chupa pembeni kwa ajili ya maharage yake, ndiyo watu wakachanganya. Nimefanya kazi kibanda cha jirani, nayajua.

#33 DagaaMkavu
Nimemwona anachovya!

#34 FundiRedioMwanga
Ulimwona anachovya kipande cha muhogo.

#35 KasuluKwetu
Na ile "spiriti" ya kupasha moto? Ilikuwa na harufu ninayoifahamu kutoka kwa shemeji zangu. Spiriti ya dukani ikiadimika, watu wa mwalo walitumia gongo. Nusu kikombe kwa taa, nusu kwa fundi.

#36 ManyemaHalisi
Futa hiyo. Babu hakugusa pombe. Sala tano.

#37 KasuluKwetu
Sikusema Babu. Nimesema fundi. Alikuwa na msaidizi miaka ya tisini, mwenyewe anasoma hapa, namngojea abishe.

#38 TingoMstaafu
Sibishi.

#39 MwishoWaReli
Uzi umenoga.

#40 Mama_Kagunga
Naomba niingie na langu, nyie mnacheka na mimi machozi yananitoka. Mei 2015 Warundi walipomiminika kijijini kwetu Kagunga mnakumbuka. Kijiji kidogo, mlima huku na ziwa huku, barabara hakuna. Maelfu kwa maelfu wamelala ufukweni, kipindupindu kikaingia. Liemba ilikuwa inatia nanga mbali, watu wanapelekwa kwa mitumbwi mpaka kwenye meli ndiyo waletwe Kigoma mjini. Usiku ilikuwa giza, watoto wanapotea hatua tano kutoka kwa mama zao.

Babu alituma karabai. Sijui ngapi, sikuhesabu, lakini zilikuja kwenye boti ya mizigo zimefungwa kwenye magunia ya pumba ili vioo visivunjike, na mafuta yake. Kuna iliyowekwa kwa wauguzi, na nyingine penye foleni ya maji. Kijana aliyekuja nazo alisema ameambiwa asipokee hela.

#41 KijanaWaBuzebazeba
Mbona nilisikia alikwenda mwenyewe na Liemba?

#42 Mama_Kagunga
Hakuja. Kijana alikuja. Mimi ndiye niliyempa chai.

#43 MvuviMstaafu
Mama Kagunga, shikamoo. Hili sikulijua kabisa. Na mafuta yalikuwa bei mbaya mwaka huo.

#44 Mama_Kagunga
Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo.

#45 MwanaSheriaMtarajiwa
Wakuu nasoma tangu #1 na kuna kitu hamjakigusa. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, Tanzania pamoja na Kongo, Burundi na Zambia, mwalo wote ulisimama miezi mitatu. Hakuna kipe, hakuna taa, hakuna fundi. Mzee wa umri ule hana pensheni. Mimi naona hapo ndipo alipovunjika. Bajeti ilimwacha na nusu mkate, kufungwa kwa ziwa kukachukua nusu iliyobaki.

#46 FundiRedioMwanga
Hapana. Kwanza, kufikia 2024 karabai za mwalo zilikuwa zimeshakwisha, vipe vinatumia taa za betri. Pili, hiyo miezi mitatu ndiyo alipata kazi kuliko miezi mingine. Kila mwenye chombo alileta taa zake za betri zirekebishwe wakati zimelala. Waya zimekatika, maji yameingia, swichi imeota kutu. Dagaa walipumzika, Babu hakupumzika.

Hapa ndipo wengi mnakosea, tangu mleta uzi. Mnaongea kana kwamba mzee alikufa na karabai mkononi akiililia. Taa za kwanza za betri zilipofika mwalo, vijana wa dukani walikuwa wanauza tu, zikifa wanakwambia tupa. Babu alikwenda akanunua moja nzima, akaifungua vipande vyote juu ya gunia, akanikuta mimi ananiuliza: hiki kazi yake nini, na hiki? Mimi wa redio nikamweleza ninachojua. Wiki mbili baadaye ananifundisha yeye. Alikuwa anasema karabai inakwambia inaumwa wapi, hii mpya imenyamaza, lazima uipime. Akanunua mita. Mtu wa umri ule, miwani imefungwa kwa waya, ananunua mita.

#47 MwalimuKatubuka
Nathibitisha mita. Aliibeba mfukoni mpaka msikitini.

#48 MvuviMstaafu
Fundi Redio, nakubali alijifunza, sijasema alikuwa mvivu. Lakini linganisha kipato. Karabai ilimrudia kila mwezi, kifuko, sindano, ngozi, kioo. Taa ya betri ikipona leo unaiona baada ya miezi. Alikuwa na kazi, hakuwa na hela. Na kuna kitu kingine. Karabai ilimfanya awe mtu. Tajiri mwenye vipe vitano alikuwa anamwamkia yeye kwanza. Taa ya betri hata mtoto anaiwasha.

#49 DagaaMkavu
Hapo #48 umeongea bila bajeti, na umeeleweka zaidi.

#50 BabuWaLusenga
Mimi ni mzee kuliko marehemu, mnisamehe maandishi, ananiandikia mjukuu. Mnaililia karabai kana kwamba ilikuwepo tangu Adamu. Sisi tulivua kwa moto wa kuni. Moto unawashwa mbele ya mtumbwi, dagaa wanakuja, tunachota na lusenga, wavu wa mpini mrefu. Karabai zilikuja miaka ya hamsini na waliokuwa wanachanja kuni za kuvulia walikosa kazi. Hakuna aliyewaandikia habari zao. Mmoja alikuwa mjomba wangu. Alihama akaenda kulima Mwandiga, akaishi sana, akatuzika wengi.

#51 MwishoWaReli
Shikamoo babu. Kwa hiyo karabai nayo ina kesi ya kujibu.

#52 BabuWaLusenga
Marahaba. Kesi ipeleke wewe, mimi nina usingizi.

#53 BintiGungu
Nimewakumbuka watu wa makaburini. Pale kabla hajashushwa, ilipotangazwa kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze au amsamehe, mlisikia? Palikuwa kimya. Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti, "anayedaiwa naye aseme." Watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

#54 ManyemaHalisi
Nilikuwa mmoja wa walioangalia viatu. Namdai Mungu anipe nafasi nilipe kwa watoto wake.

#55 KijanaWaBuzebazeba
Alikuwa na daftari. Jalada la bluu, linaning'inia kwa kamba juu ya benchi, na penseli. Alikuwa haandiki majina. Alichora. Mwenye kipara alichora kipara, tajiri wa meno ya dhahabu alimchorea meno. Mimi nilijikuta humo nina masikio makubwa.

#56 DagaaMkavu
Na kweli yako makubwa?

#57 KijanaWaBuzebazeba
Tuendelee na mada.

#58 FundiRedioMwanga
Sasa kuna jambo la haraka kuliko kifo chenyewe. Kibandani zimebaki karabai za watu nyingi, nyingine zina miaka. Waliziacha zitengenezwe, wakanunua taa za betri, hawakurudi. Matangi ni ya shaba. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshapita mara mbili wanaulizia, na ndugu wengine wa marehemu wanataka ziuzwe kwa kilo ili arobaini igharamiwe. Kama una taa pale, iseme sasa.

#59 MwanaSheriaMtarajiwa
Kisheria kitu ulichokiacha kwa fundi kitengenezwe bado ni chako, fundi ni mtunzaji tu. Lakini fundi naye ana haki ya kukishikilia mpaka alipwe gharama zake. Kwa hiyo mwenye taa alipe, achukue. Asiyejitokeza asije kulalamika baadaye.

#60 KasuluKwetu
Ya marehemu baba yangu imo. Petromax, ya zamani, ya Kijerumani, ina maandishi tumboni. Msiipime kilo jamani, nakuja.

#61 MvuviMstaafu
Zangu nne. Zote nilishazisahau. Hapana, sikuzisahau, niliona aibu kuzifuata nikiwa nimeshanunua taa za betri.

#62 MwishoWaReli
Kwa hiyo bajeti ya 2011 ilikuwa na msaidizi.

#63 MvuviMstaafu
Haya.

#64 MjukuuWaPampu
Assalaam alaykum. Mimi ni mjukuu wake, ndiye niliyekuwa namshikia tochi tangu nasoma shule ya msingi na ndiye niliyebaki na funguo za kibanda. Nashukuru kwa dua zenu. Kilichomwondoa babu bishaneni tu, familia haijibu hilo, na msiniulize.

Matangazo ni haya. Hakuna karabai itakayouzwa kwa kilo mpaka arobaini ipite, wazee wamekubali. Kibanda kitafunguliwa Jumamosi na Jumapili, asubuhi mpaka saa sita. Taa za betri naendelea kuzipokea, kazi yake naijua. Karabai ukitaka iwake nitaijaribu, ila vioo vimeisha na vifuko vimebaki vichache.

#65 BintiGungu
Mungu akutie nguvu mdogo wangu. Nilikuwa sijui kama ni wewe ulikuwa unapokea simu zake.

#66 MkemiaWaMtaa
Mjukuu, pole sana. Ombi moja tu: usipulize kwa mdomo. Tumia brashi, na ufungue dirisha.

#67 MjukuuWaPampu
Dirisha nilishalitoboa tangu mwaka juzi, tukagombana naye siku nzima. Brashi nitanunua.

#68 ManyemaHalisi
Niko Dar, Jumamosi sifiki. Yangu ni Anchor, tangi limebonyea upande wa pampu, mpini umefungwa kitambaa chekundu. Niliileta ngozi ibadilishwe. Nikimtuma mtu utampa?

#69 MjukuuWaPampu
Imo, na ngozi alishabadilisha, inawaka. Wewe ni yule aliyechorwa ndevu na koti la suti? Daftari linaonyesha elfu nane, na ile ya nyuma elfu tano. Huyo unayemtuma aje nazo zote mbili.